Mwizi Hana Uso

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, mpambaji wa kipindi alitandika taulo kwenye meza ya jikoni ya watu na kupanga vifaa vyake: sponji mbili, poda tatu, chanuo, pamba, beseni, na kopo la mafuta mazito ya kufutia rangi. Kazini walimwita Dada Poda. Sebuleni mafundi wawili walikuwa wakining'iniza mapazia meusi madirishani ili kutengeneza usiku, maana kipindi kilirekodiwa asubuhi, saa ambayo mwongozaji alikuwa bado na akili zake. Ilipofika saa nne asubuhi, usiku ulikuwa tayari. Ulinuka stoo.

Kipindi kiliitwa Mwenye Nyumba Hachezewi. Katika kila kipindi baba mmoja wa familia alikaa kwenye kochi lake akaeleza jinsi alivyompiga risasi mwizi aliyeingia nyumbani kwake, kisha akasimama na kuigiza tendo lenyewe kwa bastola ya mchezo iliyotoa mlio na moshi tu. Mwizi aliigizwa na mtu yuleyule siku zote. Alikuwa mwembamba, mpole, baba wa mabinti wawili, na aliitwa Marehemu kwa kuwa alikuwa ameshakufa mara tisini na tisa. Alivaa suruali nyeusi, fulana nyeusi, na soksi nyeusi ya sufu iliyomfunika kichwa mpaka shingoni, yenye matundu mawili ya macho. Mwongozaji alikuwa na kanuni moja, akiirudia kama mtu anayefundisha dini: mwizi hana uso. Mtazamaji akiona uso ataanza kuuliza maswali, na hakuna mfadhili anayedhamini maswali.

Tabu ni kwamba uso ulikuwa unakuja wenyewe. Tangu kipindi cha tatu, kila Marehemu alipoanguka na kuvuliwa soksi, uso uliokuwa chini yake haukuwa wake. Ulikuwa wa yule aliyepigwa kweli. Mara ya kwanza ulikuwa wa msoma mita ya maji, kalamu ikiwa bado nyuma ya sikio. Fundi taa alisema, "Huyu siye." Mwongozaji akatazama saa yake, akamwambia Dada Poda aufute. Ulifutika kwa mafuta na pamba, na chini yake Marehemu alikuwemo, anapumua, anauliza kama chakula kimefika. Kuanzia siku ile ratiba ya kazi iliongezewa mstari: kufuta uso, dakika kumi na tano.

Nyuso hizo zilikuwa na jambo moja linalofanana, nalo Dada Poda alilijua kuliko mtu yeyote kwa sababu alizishika. Zote zilikuwa na mdomo ulioanza neno. Ulikuja uso wa jirani mlevi aliyekosea mlango. Ukaja wa mume aliyerudi safari siku moja kabla, amebeba zawadi, akitaka kumshtukiza mkewe. Mara nne katika miaka sita ulikuja uso wa mwizi kweli. Mmoja wa hao alikufa ameshika birika la watu, na uso wake ulikuja umejaa aibu, Dada Poda akaufuta taratibu vilevile.

Siku moja ulikuja uso wa binti wa miaka kumi na sita, binti wa nyumba ileile waliyokuwa wakirekodia. Alikuwa ameamka kunywa maji. Mama yake alikuwa amesimama kwenye ujia na sinia la vikombe. Akautazama ule uso, akasema, "Nywele zake hakuziacha hivyo," akaweka sinia chini, akaenda kuleta chanuo. Baba yake alikuwa amemweleza mwongozaji mapema kwamba mwizi alisema, "Baba, ni mimi." Mwandishi wa kipindi akaona maneno hayo hayana nguvu hewani, akaandika mahali pake, "Laleni chini wote!" Marehemu aliyasema kwa sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Watazamaji waliandika kuipongeza ile sauti.

Mtangazaji wa kipindi, aliyekaa na hao akina baba na kuwapigapiga mabegani, aliitwa Kamanda. Hakuwahi kuwa askari wa kitu chochote. Kabla ya umaarufu alikuwa akipigia debe duka la magodoro, amesimama mlangoni na kipaza sauti, na debe tupu haliachi kuvuma. Miaka sita iliyopita alimpiga risasi mtu aliyekuwa akiingia kwa dirisha la jikoni kwake. Gazeti lilimpiga picha amekunja mikono kando ya shuka jeupe, na wiki iliyofuata alikuwa kwenye televisheni, amevaa buti na kofia ya kijeshi aliyonunua mwenyewe. Tangu hapo nchi nzima ilimvisha kilemba cha ukoka, naye akalala nacho. Alipenda kusema kwamba nyumba isiyo na bastola ni banda la kuku. Watu wazima, wenye kazi zao na vyeti vyao, waliyaandika maneno hayo nyuma ya magari.

Sasa ilikuwa zamu ya kipindi cha mia moja, na mfadhili, ambaye alikuwa na duka la silaha, alitaka kisa cha Kamanda mwenyewe, nyumbani kwa Kamanda, na mama mzazi wa Kamanda kwenye kochi. Kamanda alikwepa kwa miezi miwili. Alisema mama yake ni mzee, jikoni panajengwa, kisa kimechakaa. Mfadhili hakusikia. Mwishowe Kamanda akakubali kwa sharti moja, ambalo alimnong'oneza Marehemu kando ya gari: safari hii soksi isivuliwe. Akianguka, picha zikisimama, ainuke na soksi yake kichwani, atoke mlango wa nyuma, akafutwe garini.

"Nitapumua vipi huko ndani, bosi?" Marehemu aliuliza.

"Kidogo kidogo," Kamanda alisema.

Mama naye alikuwa na sharti lake. Alikuwa na wana wawili, na wote waliishi naye katika nyumba hiyo. Mkubwa ndiye huyo Kamanda. Mdogo waliyemwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alikuwa kibarua wa kiwanda cha mikate, na miaka sita iliyopita, wakati mama alipokuwa kwa dada yake akimuuguza, alipata kazi ya ghafla melini akaenda ng'ambo bila kuaga. Ndivyo Kamanda alivyomwambia. Tangu hapo hakupiga simu hata mara moja, maana melini, Kamanda alieleza, sauti haipiti, zinapita herufi tu. Herufi zilifika kila mwezi. Kitinda alikuwa ameacha shule mapema na hakuwahi kuandika maneno matatu bila kukosea mawili, lakini ujumbe wake kutoka baharini ulikuwa na nukta na mkato mahali pake. Mama aliwaonyesha watu, akisema bahari imemsomesha mwanawe bure.

Macho ya mama yalikuwa yakiingia ukungu. Daktari alimwambia amebakiza mwaka wa kuona, au miwili akibahatika. Kwa hiyo alisema atakaa kwenye kochi lao na atavaa gauni watakalompa, lakini mwisho wa kipindi apewe kamera amwite Kitinda arudi nyumbani, amwone kabla taa hazijazimika. Kipindi kilionekana mpaka ng'ambo, na hata mabaharia wana televisheni. Mwongozaji alisema hilo litaliza watu vizuri sana. Kamanda alikubali upesi kuliko ambavyo mtu mkweli angekubali.

Basi Alhamisi hiyo Dada Poda alimpaka mama poda kidogo puani, akamchana nywele nyeupe. Mama alikuwa amejifunza maneno yake kwa moyo na aliyasema chini chini wakati anapakwa. Kitinda, mwanangu, chumba chako kipo. Shuka nimebadilisha Jumamosi. Njoo nikuone. Akamuuliza Dada Poda kama yanatosha.

"Yanatosha, mama," Dada Poda alisema, akageukia poda zake, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ile miaka sita na alijua kuhesabu miaka kama mtu mwingine yeyote. Miaka sita ya dirishani na miaka sita ya melini ilikuwa miaka ileile. Mafundi taa walijua. Mpiga picha alijua. Wote walijitia hamnazo kwa bidii, wakashughulikia nyaya.

Kurekodi kulikwenda vizuri. Kamanda alieleza jinsi alivyosikia dirisha likikwaruza, jinsi moyo wake ulivyotulia kama maji mtungini. Hapo alipiga chuku, maana siku ile alijikojolea. Kisha Marehemu akaingia kwa dirisha la jikoni, mguu mmoja kwanza, akasema maneno aliyoandikiwa, "Leo mtanijua." Kamanda akafyatua. Marehemu akaanguka sakafuni kifudifudi, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara mia, na moshi ukabaki ukielea chini ya taa. Mwongozaji akasema asante.

Marehemu alianza kuinuka ili atoke kwa mlango wa nyuma, lakini moshi ulikuwa umemwingia kooni, na soksi ilikuwa nzito. Akakohoa. Akakaa chini, mikono kifuani, akakohoa tena. Mama aliondoka kwenye kochi. Alikuwa amelea wana wawili wenye pumu na kikohozi kilimwinua kabla hajafikiri.

"Mvueni mtoto wa watu hiyo soksi, anakosa hewa," alisema.

"Mama, kaa!" Kamanda alisema. "Ni kazi yake hiyo."

Mama hakukaa. Alipiga magoti kwa kuangalia asilichafue gauni la kipindi, akaishika soksi kwa vidole viwili chini ya kidevu, akaivuta juu, kama mtu anayemvua mtoto shati.

Ulikuwa uso wa kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye unga wa ngano kwenye nyusi. Mdomo ulikuwa umeanza neno, na ilionekana wazi kuwa neno lenyewe lilikuwa kaka. Mama aliusogelea sana, kwa sababu ya ule ukungu. Aliutazama jicho moja, kisha la pili. Akapangusa unga kwenye unyusi mmoja kwa kidole gumba.

"Kumbe ulikuwa humu humu," alisema.

Fundi sauti alishusha kipaza sauti kidogo, halafu akakipandisha tena, kwa kuwa hakuambiwa aache kurekodi. Mwongozaji alitazama ratiba. Kamanda alivua kofia yake ya kijeshi na kuishika mbele ya tumbo.

"Alisahau ufunguo, Mama," alisema.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimeshapiga."

Mambo mengine aliyasema akitazama buti zake. Alipomtambua, alikuwa ameshapiga kelele za mwizi, na majirani walikuwa wameshafika. Walimwinua juu. Walimwita simba. Kwa kuwa alikuwa ameshapongezwa, aliona aibu kurudisha pongezi. Alimfunika shuka mwenyewe. Polisi waliuliza kama anamjua, akasema hamjui, na hakuna aliyefunua, kwa sababu mtu akishaitwa mwizi hana haja ya kutazamwa. Halmashauri ikamzika pamoja na wengine wasio na watu.

"Alikuwa na watu," mama alisema.

Mwanaume mzima, mwenye sauti iliyouza magodoro na bastola kwa nchi nzima, aliivaa kofia yake, akaivua tena.

Mwongozaji alimsogelea Dada Poda na kumnong'oneza kwamba dakika kumi na tano zimeanza. Dada Poda alichukua pamba na mafuta. Mama akamnyang'anya pamba bila ugomvi. Akaomba maji ya uvuguvugu. Mwanawe hakuoshwa na mtu wake, alisema, ataoshwa sasa. Dada Poda alichemsha maji kwenye jiko la Kamanda, akayapooza, akayaleta kwa beseni, akakaa chini pamoja naye, akimshikia Marehemu kichwa. Mama alianza na paji la uso. Akashuka macho, nyuma ya masikio, pua, na ile midomo iliyoanza neno. Alikuwa akimsemesha anavyoosha. Hakumwambia maneno makubwa. Alimwambia mama yake mkubwa alipona, paka alikufa, mti wa uani ulikatwa kwa sababu ya nyaya. Ilichukua saa nzima na dakika kumi. Mwongozaji alitoka nje mara tatu kuvuta sigara, na mara zote tatu alirudi akauliza kama bado.

Uso ulikwisha taratibu, pamoja na maji. Marehemu alipotokea chini yake hakuuliza habari ya chakula. Alisema, "Pole, mama." Mama akamkausha shingo, akamwambia amekonda, ale.

Ingekuwa watu wengine, kazi ingeishia hapo. Lakini siku ya kurekodi ilikuwa na kurasa mbili zilizobaki, na mwongozaji alichuchumaa mbele ya mama, mikono imekutanishwa kwa heshima, akamuuliza kama bado anaitaka ile kamera yake. Tulikuahidi, mama yetu, alisema, na sisi ahadi hatuvunji. Mama alisema anaitaka. Kamanda alisema, "Mama, tafadhali." Mama alikaa kwenye kochi na gauni lenye maji magotini, akatazama pale alipoelekezwa, akasema:

"Aliyepita dirishani ni mwanangu. Alikuwa ametoka kuoka mikate, amesahau ufunguo. Aliyempiga ni mwanangu. Alinificha miaka sita. Nyinyi mnaonitazama, mkisikia kitu, ulizeni kwanza ni nani. Mngoje ajibu."

Mwongozaji alisema asante, safi sana, hakuna haja ya kurudia. Fundi taa alishusha mapazia na asubuhi ikaingia.

Dada Poda alisema ataacha kazi. Alilisema garini, mbele ya watu, kwa sauti. Alhamisi iliyofuata alikuwepo, na taulo lake, na kopo jipya la mafuta, katika nyumba ya daktari wa meno aliyempiga mtunza bustani wake. Marehemu naye alikuwepo. Tusimcheke, ana mabinti wawili. Lakini tusimwonee huruma kupita kiasi pia, kwa sababu aliomba soksi nyepesi zaidi, akapewa, akashukuru.

Kipindi cha mia moja kilirushwa Jumapili baada ya taarifa ya habari. Mhariri wa picha, kijana msafi aliyependa kazi yake, alikuwa na sekunde tano tu za mama. Alichagua sentensi moja, kwa kuwa ndiyo iliyotamkwa bila kutetemeka, akaiweka baada ya mlio wa bastola, juu ya picha ya Kamanda amesimama kwenye moshi. Mama alionekana karibu sana, uso wote, akisema, "Aliyempiga ni mwanangu." Halafu tarumbeta zikalia. Chozi lililokuwa shavuni mwake hawakulikata, maana chozi halina maneno na linaweza kuelekezwa popote.

Hakuna kipindi kilichotazamwa zaidi mwaka ule. Waziri mmoja alisema angependa kila mama awe kama yule mama. Duka la silaha lilitundika uso wake ukutani, mkubwa kuliko mlango, na sentensi yake chini. Kamanda alipewa kipindi cha pili, cha watoto. Mama aliandika barua mbili kwa kituo, akasaidiwa na mjukuu wa dada yake, akajibiwa kwa kalenda yenye picha yake mwenyewe. Alikwenda pia halmashauri kuuliza mwanawe alilazwa wapi. Karani alimtambua, akasimama, akamwita mama wa taifa, akamletea kiti. Daftari la wasio na watu halikuwa na majina, alimweleza, lina idadi tu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo alikwenda kliniki ya macho. Ukungu ulikuwa umeshafika katikati. Kwenye benchi la foleni mwanamke mmoja alimtazama, akamtazama tena, akamgeukia na kumshika mikono yote miwili.

"Si wewe mama yake Kamanda? Hongera, mama. Hongera kwa kuzaa. Mimi niliposikia yale maneno yako nililia. Nikamwambia mume wangu, unaona mwanaume? Kesho yake akanunua."

"Alinunua nini?"

"Bastola, mama. Analala nayo chini ya mto. Sasa na mimi nalala usingizi."

Mama alimsogelea, kama alivyomsogelea kila mtu siku hizi, mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamuuliza ana watoto wangapi.

"Watatu. Wakubwa wote."

"Wanarudi nyumbani saa ngapi?"

"Ah, mama, wakubwa hao! Kila mmoja na saa yake."

Mama alimbana mikono. Akamwambia arudi nyumbani sasa hivi, aache foleni, akitoe kile kitu chini ya mto akakitupe chooni, kwa sababu yeye mwanawe mmoja alimuua mwanawe mwingine kwa kitu hicho hicho na mabaki yake hayajulikani yalipo. Alilisema kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno, na benchi zima lilisikia.

Yule mwanamke alitupa kichwa nyuma akacheka mpaka akajipiga paja.

"Mnamwona mama Kamanda!" aliwaambia wenzake. "Na utani anaujua!"

Benchi zima likacheka naye, kwa upendo, na mtu mmoja akampisha mama nafasi aingie wa kwanza.